Chungwa Amekwenda Wapi?

Sogeeni karibu, mlio na paka nyumbani na msio naye. Hadithi ya leo nimeitunga mwenyewe. Msichana na paka wake hamtawapata mkiwatafuta, lakini njia wanazopita zipo, na mtakayojifunza kuhusu paka ni ya kweli. Nitakuwa nikisimama hapa na pale nieleze jambo, kisha tunaendelea na safari.

Basi, palikuwa na msichana wa gredi ya tano aliyeishi Makina, kule Kibera, pamoja na nyanya yake, mama yake na ndugu yake mdogo. Chumba chao kilikuwa cha udongo na mabati, na panya walijiona ndio wenye nyumba. Walitoboa mifuko ya unga, wakatafuna madaftari ya shule, wakakimbizana juu ya dari usiku kucha. Nyanya alipochoka nao alikwenda sokoni Toi, na huko mama mmoja mwuza samaki akampa kipaka cha rangi ya machungwa. Miezi michache baadaye panya wakahama wenyewe, bila kupewa notisi. Yule paka akaitwa Chungwa.

Hapa nisimame kidogo. Ukimwona paka wa rangi ya machungwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni dume. Kati ya paka watano wa rangi hiyo, wanne hivi huwa madume. Sababu yake ni hii: chembe ya urithi iletayo rangi hiyo imo katika kromosomu iitwayo X. Dume ana X moja tu, kwa hiyo akiirithi chembe hiyo mara moja, rangi imeshamkolea. Jike ana X mbili, na ili awe wa machungwa mwili mzima ni lazima aipate kwa baba na kwa mama pia. Chungwa naye alikuwa dume. Likumbukeni hilo, maana litawasumbua watu mbele katika hadithi.

Jambo la pili ni kuhusu kazi yake. Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori mdogo wa Afrika na Mashariki ya Kati, na paka pori huyo yupo Kenya hadi leo. Yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya waliifuata nafaka na paka wakawafuata panya. Hakuna aliyemfunga paka kamba kumleta nyumbani. Alikuja mwenyewe, akaona pana chakula, akakaa. Katika kisiwa cha Cyprus wanaakiolojia walifukua kaburi la kama miaka 9,500 iliyopita, wakakuta mifupa ya mtu na ya paka imelazwa karibu karibu. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo lazima mtu alimvusha bahari kwa chombo. Mnaona basi, nyanya wa Makina aliyeenda Toi kutafuta dawa ya panya alikuwa akiendeleza mkataba wa zamani sana.

Tuendelee. Mama alipata kazi ya nyumbani kule Lavington. Kutoka Kibera kila alfajiri nauli ilikuwa inamla, hivyo familia ikaamua kuhamia Kawangware, upande wa Gatina, mahali ambapo angeweza kwenda kazini kwa miguu. Wakakodi mkokoteni. Kitanda kikapakiwa, jiko likapakiwa, masufuria na mitungi ya maji ikafungwa kwa kamba juu ya godoro.

"Paka mtieni guniani," jirani mmoja akashauri. "Asipoiona njia hatarudi huku."

Nyanya akakataa. "Gunia halina hewa, na jua hili la saa sita litamuua. Nipeni katoni."

Nyanya alikuwa na busara. Gunia lililofungwa huwa joto upesi, na paka aliye ndani huhangaika hadi akakosa pumzi. Isitoshe, kumfunika macho hakumfanyi asahau kwao. Katoni imara iliyotobolewa matundu, ikatandikwa nguo aliyozoea kulalia, ndiyo gari la paka. Kosa la familia hii halikuwa katoni. Lilikuja baada ya kufika.

Walipoingia kwenye ploti mpya mlango uliachwa wazi ili vitu vishushwe. Matatu za Naivasha Road zilikuwa zikipiga honi, kinu cha unga cha jirani kikinguruma, na watoto wa ploti wamejaa mlangoni kuwatazama wageni. Ndugu mdogo akataka kuwaonyesha paka wao. Akafungua katoni. Chungwa akaruka mara moja, akapita katikati ya miguu ya watu, na kabla mtu hajasema neno alikuwa ameshatoweka kwenye kichochoro.

Msichana na nduguye walifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Walikimbia nje wakiita kwa sauti kubwa, "Chungwa! Chungwa!" Watoto wa ploti wakaungana nao, mwingine akagonga sufuria kwa mwiko, mwingine akapuliza filimbi. Walizunguka hadi giza likaingia. Hakuna aliyesikia hata "nyau" moja.

Nawaomba mlisikilize hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha hadithi yetu. Paka aliyepotea hafanyi kama mtoto aliyepotea. Mtoto hulia ili asikike. Paka huogopa kusikika. Yeye ni mwindaji mbele ya panya, lakini mbele ya mbwa na wanyama wakubwa ni windo, na tangu enzi za paka pori amejua kwamba anayenyamaza ndiye anayepona. Akitupwa mahali asipopajua, hutafuta tundu la kwanza lililo karibu, jembamba, lenye giza, akajibana humo na kunyamaza. Anaweza kukaa kimya hata mwenyewe ukipita hatua mbili kutoka alipo, ukiliita jina lake. Si kwamba hakupendi. Hofu imemshika koo. Na kadiri kundi la watoto linavyopiga kelele, ndivyo anavyozidi kujificha.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuwauliza watu habari za paka 1,210 waliopotea. Katika waliopatikana, robo tatu walikutwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotorokea. Njia iliyozaa matunda zaidi ilikuwa ya zamani kabisa: mtu kutoka nje, kuinama na kutafuta kwa macho yake. Mita 500 ni mbio za kuzunguka uwanja mkubwa wa michezo mara moja na robo. Lakini katika Kawangware mita hizo zina mamia ya milango, maduka, mabafu, gorofa zinazojengwa, karakana na mabanda ya kuku. Kilicho karibu si lazima kiwe rahisi kupatikana.

Usiku ule msichana alilala akilia. Nyanya akamwambia, "Mjukuu wangu, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Kesho tutatafuta kwa akili. Leo tumetafuta kwa midomo."

Asubuhi yake nyanya alimtaka alete karatasi na kalamu, wachore ramani ya ploti na majirani wote.

Watoto wa Kibera wana haki ya kujivunia ramani. Hadi miaka ya 2000 mitaa yao ilikuwa pengo tupu kwenye ramani nyingi, ingawa watu wengi sana waliishi humo. Mwaka 2009 vijana kutoka vijiji vya Kibera, kama vile Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera na Kianda, walijitosa katika mradi ulioitwa Map Kibera. Walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS, wakaandika kila shule, kila kliniki, kila choo na kila mahali pa kuteka maji, kisha wakaviweka kwenye ramani iliyo wazi kwa ulimwengu mzima. Hawakungoja mgeni aje kuwachorea. Mtaa wanaujua wao.

Msichana wetu naye alichora hivyo. Katikati aliweka chumba chao. Akaongeza bafu la ploti, tangi la maji, kinu cha unga, bucha, kibanda cha mama mboga, gorofa iliyokuwa ikijengwa na karakana ya fundi wa makochi. Kisha yeye na nyanya wakapita sehemu moja baada ya nyingine, wakianza na zile zilizopakana na ukuta wao, na kila waliyoikagua wakaitia alama.

Wakajifunza pia kuuliza. Ukimwuliza mtu, "Umeona paka?" atakujibu, "Paka ni wengi." Lazima useme rangi, ukubwa, mkia, na siku aliyopotea. Waulize wale ambao macho yao yako nje wakati wengine wamelala: soja wa gorofa, mama mboga anayefungua kibanda alfajiri, wazoa taka, mwenye bucha, mwuza mutura wa jioni. Waulize watoto wenzako, maana wao hupita mahali ambapo watu wazima hawaingii. Ukibandika tangazo, weka picha na nambari ya simu ya mzazi, si yako. Na alama moja ya paka wako usiitangaze. Chungwa alikuwa na doa jeusi kwenye ufizi, na nyanya akaamuru lisitajwe. Kwa nini? Kwa sababu wapo watu wanaopiga simu wakisema, "Paka wenu ninaye, tumeni kitu kidogo kwa M-Pesa kwanza." Mtu wa namna hiyo mwulize alama iliyofichwa. Akibabaika, kata simu. Pesa haitumwi kabla paka hajaonekana.

Kwa fundi wa makochi walifika saa nne asubuhi.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, shosho. Karibuni."

"Tumepotelewa na paka, wa machungwa. Hajaingia humu?"

Fundi akatazama huku na huku, akaona mbao, sponji na kochi kuukuu lililoletwa kushonwa upya. "Humu hamna paka, shosho. Nyundo inalia kutwa nzima. Paka gani atakaa hapa?"

Nyanya akashukuru wakatoka. Kule nje akamnong'oneza mjukuu wake, "Hamna, hamna, ndimo mlimo. Mahali hapa usipatie alama bado."

Sasa majirani nao wakaanza kutoa maoni, na ndipo udume wa Chungwa ulipoingia katika mazungumzo. Mmoja alisema, "Huyo ni dume, amekwenda kutafuta majike Gatina yote." Si maneno ya bure, kwa kuwa dume ambaye hajahasiwa hutembea mbali kuliko jike, hasa anaponusa jike aliye kwenye joto. Mwingine akasema, "Paka ni wa nyumba, si wa watu. Huyo amesharudi Kibera."

Je, paka anaweza kurudi alikotoka? Anaweza. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani aitwaye Francis Herrick aliandika jinsi alivyomchukua paka mama, akampeleka zaidi ya maili moja kutoka kwa watoto wake, na paka akaipata njia ya kurudi, tena zaidi ya mara moja. Nako Florida, Marekani, paka aliyeitwa Holly aliwaponyoka wenyewe Novemba 2012 wakiwa safarini katika mji wa Daytona Beach. Mwisho wa Desemba alionekana karibu na kwao, West Palm Beach, umbali wa kilomita 300 hivi. Alikuwa amekonda, nyayo zimechubuka, na chipu ndogo iliyowekwa chini ya ngozi yake ndiyo iliyothibitisha kwamba ni yeye. Paka hutumia harufu, sauti na kumbukumbu ya mahali. Lakini Holly alitangazwa katika magazeti kwa sababu safari kama yake ni nadra sana. Paka wengi walio mahali pageni hawaendi popote.

Hata hivyo, kutoka Kawangware hadi Kibera ni kilomita chache tu, na mtafutaji haachi mlango bila kuubisha. Jumamosi mama hakuwa kazini. Wakapanda matatu, wakapita Dagoretti Corner, wakafuata Ngong Road hadi karibu na Adams, wakashuka na kuingia Toi. Msichana aliitazama Ngong Road, magari yakipita mbio huku na huku, akafikiria miguu midogo ya Chungwa ikijaribu kuivuka. Moyo ukamwenda mbio.

Makina walikuta mpangaji mpya katika chumba chao cha zamani. Alikuwa mama mwema. Akawaruhusu waangalie nyuma ya nyumba na juu ya paa, akaandika nambari yao ya simu ukutani kwa makaa. "Nikimwona nitampa maziwa kisha nitawapigia," akasema. Wakashuka hadi reli. Reli hiyo inapita katikati ya Kibera, vibanda vikiwa vimepakana nayo. Wakawauliza wauzaji wa kando ya reli. Hakuna aliyekuwa amemwona.

Mzee mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akawasimulia jambo. Mwaka 2018, nyumba nyingi za Kibera zilipobomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watu walibeba walichoweza na kuondoka. Paka wakabaki wakizunguka kwenye vifusi, wakitafuta milango isiyokuwepo tena. "Mtu akihama kwa ghafula," mzee akasema, "humkumbuka paka usiku, wakati wa kulala." Hadithi yetu ni ya kubuni na mzee huyo pia, lakini ubomoaji ule ulitokea kweli. Familia inapolazimika kuhama, wanyama nao huhamishwa au hupotea.

Waliporudi Kawangware jioni walimkuta mchuuzi stendi, kipaza sauti begani, akitangaza dawa ya panya, kunguni na mende. Nyanya akasikitika. Mnajua kwa nini? Panya aliyekula sumu hafi papo hapo kila mara. Huzubaa, hukimbia polepole, na paka mwenye njaa humkamata bila shida. Sumu iliyo tumboni mwa panya huingia tumboni mwa paka. Kwa hiyo ukimwona paka anatokwa na mate, anatetemeka au anatokwa na damu, usimpe maziwa ukadhani umemtibu. Mwite mtu mzima ampeleke kwa daktari wa mifugo haraka. Nyumba yenye paka haifai kuwekwa sumu, na jirani anayetaka kuweka anapaswa kuwaambia wenzake.

Usiku huo nyanya akaamua kurudi kwenye sehemu ambazo hazikupata alama. Walikwenda watatu, nyanya, mama na msichana, kwa kuwa mtoto haendi vichochoroni peke yake gizani, hata kama paka wake ni wa dhahabu. Hawakuita kwa kelele. Nyanya alibeba simu yake ya mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, na akaishika karibu na jicho lake, si chini kiunoni.

Sababu ya kuishika hivyo ni hii. Ndani ya jicho la paka, upande wa nyuma, kuna tabaka linaloakisi mwanga, kama kioo. Mwanga hafifu ukiingia, jicho huupata mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kurudishwa, na ndiyo maana paka huona vizuri gizani kutushinda. Mwanga huo hurudi kulekule ulikotoka. Ukishika tochi karibu na jicho lako, utayaona macho yake yakimetameta kijani au manjano hata kama mwili mzima umefichika. Usiku una faida nyingine pia: honi zimepungua, kinu kimezimwa, na paka mwoga huanza kupata ujasiri wa kusogea.

Fundi wa makochi alikuwa bado anafunga karakana. Nyanya akamwomba, "Fundi, najua ulisema humu hamna, nami nakuamini. Lakini naomba macho yangu nayo yaingie." Fundi akacheka, akawafungulia.

Mwanga ukapita kwenye mbao. Hamna. Ukapita kwenye sponji. Hamna. Msichana akalala chini kifudifudi, akamulika uvungu wa kochi kuukuu. Kitambaa cha chini kilikuwa kimechanika, na ndani ya mpasuko, kati ya springi, vikawaka vitone viwili vya kijani.

"Chungwa," akasema taratibu.

Hakumrukia. Nyanya alikuwa amemfundisha. Aliketi sakafuni, akageuza uso kando kidogo, maana kumkodolea paka macho ni kumtisha, kisha akatandaza leso aliyozoea kulalia na kuweka juu yake omena wachache. Akaendelea kuliita jina lake kwa sauti ileile aliyoitumia Makina wakati wa chakula. Mwaka 2019 wanasayansi wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walionyesha kwamba paka hulitambua jina lao kati ya maneno mengine, hata likitamkwa na mtu wasiyemjua. Kwa hiyo Chungwa alijua anaitwa. Alichohitaji ni muda wa kuamini.

Muda ulipita. Mama alipiga miayo, fundi akakaa juu ya kopo la rangi. Hatimaye pua ilitokea, masharubu yakafuata, na harufu ya omena ikaishinda hofu. Msichana akamfunika kwa leso polepole, akamfumbata kifuani. Nyanya akainua mdomo wa paka kidogo. Doa jeusi lilikuwa pale pale kwenye ufizi. Kumbe wakati wote wa kwenda Kibera na kurudi, Chungwa alikuwa milango mitatu kutoka nyumbani, ndani ya kochi la mtu.

Leso ile si ya mapambo. Paka mwenye hofu anaweza kumwuma na kumkwaruza hata anayempenda. Akikuuma paka au mbwa yeyote, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mtu mzima, mwende hospitalini siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema, huzuia ugonjwa. Wewe usifiche jeraha kwa kuogopa kugombezwa.

Sasa niwaeleze familia ilifanya nini baadaye, ili nanyi mkihama mfanye kabla. Chungwa alifungiwa ndani kwa majuma matatu. Ni kazi ngumu katika chumba kimoja, lakini waliweka karai la mchanga pembeni, wakakubaliana kwamba kabla ya mtu kufungua mlango lazima aulize, "Paka yuko wapi?" Alikula ndani, akalala ndani, hadi harufu ya chumba kile ikawa harufu ya kwao. Alipotoka mara ya kwanza alitoka akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya chakula, ili awe na sababu ya kurudi. Shingoni alivishwa ukanda mwepesi unaofunguka ukinaswa, wenye nambari ya simu ya mama. Kisha akapelekwa kuhasiwa na kuchanjwa. Anayeishi Kawangware hayuko mbali na Upper Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia madaktari wa mifugo. Upande wa Karen kuna KSPCA, shirika la kuwatunza na kuwalinda wanyama, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910. Mzazi akimpoteza paka, hapo pia ni mahali pa kuulizia.

Sitawadanganya kwamba kila hadithi huisha kama hii. Katika utafiti ule wa 2018, theluthi moja ya paka walipatikana ndani ya siku 7, na baada ya mwaka mzima waliopatikana walikuwa 61 katika kila 100. Wengine hawakurudi. Ikikutokea hivyo, lia, na usimruhusu mtu akuambie, "Ni paka tu." Lakini usikate tamaa siku ya pili wala ya tatu. Rudi kwenye ramani yako, rudi usiku, rudi kwa yule aliyekuambia hamna.

Na ombi langu kwenu ni hili. Ukimwona paka mgeni amejibana kwenye ploti yenu, usimrushie jiwe. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili dhidi ya wanyama, lakini hata bila sheria, huyo ana mtu anayemtafuta. Usikimbilie kumfanya wako pia. Mwekee maji, mwambie mtu mzima, kisha zunguka milango ya jirani uulize: nani amepotelewa na paka?